Nyonga ya Chuma na Haki ya Mgonjwa

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alitujia jioni moja baada ya sala ya alasiri, anatembea kwa mkongojo, naye binti yake amemshika mkono wa pili. Alikuwa na maswali mawili. La kwanza lilikuwa hili: mtu aliyetiwa nyonga ya chuma, na chuma kile kikamdhuru, amshitaki nani? La pili: na akishinda, atapata nini?

Sisi tukamjibu kwa swali. "Mzee wetu, hicho chuma chenyewe kiko wapi?"

Mzee akamtazama binti yake. "Walikitoa mwaka juzi, ami," akasema yule binti, "wakamtia baba kingine. Kile cha kwanza hatukukiona tena."

"Na karatasi za operesheni ya kwanza, ile aliyofanyiwa ng'ambo?"

"Alirudi na picha za eksirei na dawa zake. Karatasi nyingine hatuzijui."

Basi tangu siku ile tumeyapeleleza mambo haya kadiri ya uwezo wetu, tukasoma hukumu za mahakama za nchi mbalimbali, na tumeona kwamba aliyoyauliza mzee yazihusu nyumba nyingi. Siku hizi si ajabu kusikia mtu wa Mombasa, Dar es Salaam au Unguja amekwenda India kutiwa nyonga, na hospitali za hapa kwetu nazo huifanya kazi hiyo. Aendaye huuliza bei, huuliza sifa za daktari, huuliza atakaa siku ngapi kitandani. Jina la chuma kitakachokaa mwilini mwake miaka ishirini haliulizi. Na tutakavyoona, aghalabu haki yake yote imening'inia katika jina hilo.

Nyonga ni kiungo cha ajabu. Kichwa cha mfupa wa paja, mviringo kama mpira mdogo, hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno, na baina yao pana gegedu laini liwezeshalo kimoja kuteleza juu ya mwenziwe. Gegedu hilo likilika, kwa uzee au kwa maradhi au kwa kuanguka, mfupa husaga mfupa. Hapo mtu hawezi tena kurukuu wala kusujudu; huswali juu ya kiti, naye humwona mwenziwe wa rika moja akiinama mpaka chini kwa wepesi, na moyo ukamuuma kuliko nyonga. Daktari basi hukikata kile kichwa kilichoharibika, akapigilia kijiti cha chuma ndani ya mfupa wa paja, juu yake akaweka kichwa kipya, na katika kiuno akatia kikombe kipya.

Aliyeifanya kazi hii ikawa ya kutegemewa ni Mwingereza John Charnley, katika hospitali ya Wrightington, mwaka 1962. Lakini kabla ya kufaulu alikosea kosa kubwa, na twalitaja kwa sababu ya jinsi alivyolichukua. Vikombe vyake vya kwanza vilikuwa vya tefloni, ile ile ipakwayo katika vikaango ili chakula kisigande. Aliwatia wagonjwa wapatao 300. Baada ya miaka michache vikombe vikalika, na unga wake ukaleta uvimbe katika nyama. Charnley alijidunga mwenyewe tefloni pajani ili ajue yaliyowapata wagonjwa wake, naye akavimba vile vile. Kisha akawarudia wagonjwa, akaanza kazi ndefu ya kuwapasua tena. Akatafuta plastiki nyingine iliyo ngumu zaidi, na ya jamii hiyo ndiyo itumikayo hata leo, ingawa imezidi kufanywa bora. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2019 zaonyesha kwamba katika nyonga 100 za bandia, karibu 58 hudumu miaka 25. Kwa hiyo mtu asituelewe vibaya. Hatuwatishi watu waache tiba. Wengi wameinuka vitandani kwa tiba hii, wakaenda wakatufu kwa miguu yao wenyewe.

Mambo yaliharibika pale watengenezaji walipotaka nyonga ya watu wa makamo, wenye kufanya kazi nzito na kupenda kukimbia. Plastiki hulika, basi wakafanya kichwa cha chuma kizunguke katika kikombe cha chuma, vyote viwili vya kobalti na kromiamu, tena kichwa wakakifanya kikubwa ili kisichomoke upesi mahali pake. Nyonga mojawapo ya namna hii iliitwa ASR. Ilitengenezwa na DePuy, kampuni iliyokuwa mali ya Johnson & Johnson ya Marekani. Ilianza kuuzwa mwaka 2003, na ilipoondolewa sokoni mwezi wa Agosti 2010, watu wapatao 93,000 duniani walikuwa wamekwisha kutiwa. Kikombe chake kilikuwa na kina kidogo kuliko vya wengine, hata kikikaa mwinamo kidogo tu, kichwa kilisugua ukingoni. Kila hatua ikatoa vumbi la chuma lisiloonekana kwa macho. Vumbi lile likaingia katika nyama, nyama ikageuka rangi na kufa, maji yakajaa kiungoni. Na kobalti ikaingia katika damu.

Yafaa tueleze jinsi jambo hili lilivyojulikana. Australia ina daftari la taifa tangu mwaka 1999, ambamo huandikwa kila nyonga itiwayo na kila itolewayo, na la Uingereza lilianza mwaka 2003. Daftari la Australia ndilo lililoonyesha mapema kwamba ASR yatolewa miilini kuliko nyonga za namna nyingine, na huko iliondolewa sokoni Disemba 2009, miezi minane kabla ya dunia nzima kuambiwa. Daftari la Uingereza likaonyesha kwamba watu 12 au 13 katika kila 100 walikuwa wamepasuliwa tena ndani ya miaka 5. Na hesabu ya kampuni yenyewe, iliyofanywa mwaka 2011 na kufichuliwa mahakamani mwaka 2013, ilikisia kwamba karibu 40 katika 100 zingeharibika ndani ya miaka hiyo mitano. Msomaji na azilinganishe mwenyewe hesabu hizo mbili.

Sasa turudi kwa swali la mzee. Amshitaki nani?

Watu wengi humfikiri daktari kwanza, kwa kuwa ndiye waliyemwona kwa macho. Lakini daktari aweza kufanya kazi safi kwa chuma kibovu, na aweza kufanya kazi mbaya kwa chuma kizuri, na mambo haya mawili mahakama huyatazama mbalimbali. Makosa ya daktari ni kama kukitia kikombe kombo, kuchagua nyonga isiyomfaa mgonjwa, kutomwangalia baadaye, au kutomweleza hatari aliyostahili kuelezwa. Juu ya hilo la mwisho, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua mwaka 2015, katika kesi ya Montgomery iliyotoka Uskoti, kwamba daktari hana budi kumwambia mgonjwa hatari zile ambazo mtu wa hali yake angetaka kuzijua, pamoja na njia nyingine za tiba zilizopo. Hata hivyo kumshinda daktari mahakamani si kazi nyepesi, kwani hutakiwa madaktari wengine waje kushuhudia kwamba mwenzao alikwenda kinyume cha kazi yao. Tena mtengenezaji akishitakiwa husema kosa ni la mpasuaji, na mpasuaji husema kosa ni la chuma. Mgonjwa asiyejua aina ya chuma chake hubaki baina yao kama mpira.

Ama kumshitaki mtengenezaji, njia hiyo ilifunguliwa na konokono. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Uskoti, bibi mmoja aitwaye May Donoghue alinunuliwa kinywaji cha tangawizi na rafiki yake. Chupa ilikuwa ya kioo kisichopenya macho. Akanywa sehemu, na iliyobaki ilipomiminwa, kwa maelezo yake, akatoka konokono aliyeoza. Bibi akaugua. Lakini angemdai nani? Mwenye duka hakuweza kuona ndani ya chupa. Na yeye mwenyewe hakununua kitu. Aliyenunua ni rafiki yake, kwa hiyo hapakuwa na mapatano baina yake na mwenye duka, sembuse na mwenye kiwanda. Mwaka 1932 majaji wa juu kabisa mjini London waliamua, watatu kwa wawili, kwamba mtengenezaji ajuaye kuwa kitu chake kitamfikia mtumiaji vile vile kilivyotoka kiwandani, bila ya mtu kukichungua njiani, ana wajibu wa hadhari kwa mtumiaji huyo. Akizembea, na mtumiaji akadhurika, atalipa.

Mgonjwa wa nyonga yu katika hali ya bibi yule. Hakuinunua nyonga mwenyewe dukani. Iliyoiagiza ni hospitali. Wala hakuiona, ilifunguliwa katika pakiti yake naye yu katika usingizi wa dawa. Na kanuni ile ya konokono ndiyo inayofuatwa na mahakama za Kenya, Uganda na Tanzania hata leo, kwa kuwa sheria zetu za madhara zilitoka huko. Kenya imezidi hatua moja, maana Katiba yake ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, na haki ya fidia kwa hasara au dhara litokalo na kasoro zake.

Tabu ya kanuni ya konokono ni kwamba mgonjwa hana budi kuonyesha uzembe wa mwenye kiwanda, na uzembe huo umefungiwa katika makabati ya kampuni. Kwa sababu hiyo nchi za Ulaya zilipatana mwaka 1985 kuweka sheria nyingine, na Uingereza ikaitia katika vitabu vyake mwaka 1987. Chini ya sheria hii uzembe hauulizwi. Yamtosha mgonjwa kuonyesha kwamba kitu kina kasoro na kwamba kasoro hiyo ndiyo iliyomdhuru. Na kasoro maana yake ni kukosa usalama ambao watu kwa jumla wana haki ya kuutarajia.

Mtu akisikia hivyo aweza kudhani kesi imekwisha. Wagonjwa zaidi ya 300 waliishitaki DePuy mjini London kwa sheria hiyo, kwa ajili ya nyonga nyingine ya chuma kwa chuma iliyoitwa Pinnacle, na kesi za watu 6 zikasikilizwa ziwe mfano wa nyingine zote. Mwezi wa Mei 2018 Jaji Andrews aliwakatalia. Alisema kwamba kila nyonga ya bandia hutoa vumbi, iwe ya chuma au ya plastiki, kwa hiyo kutoa vumbi peke yake si kasoro. Hakuna mtu mwenye haki ya kutarajia nyonga isiyoharibika kamwe. Wagonjwa walipaswa kuonyesha kwamba hii iliharibika kupita kiasi ikilinganishwa na nyonga nyingine za wakati ule, na hesabu walizoleta hazikumridhisha. Mwaka 2022 mahakama ya juu kabisa ikatoa hukumu ya namna hiyo hiyo katika kesi ya mgonjwa wa Uskoti aliyetiwa nyonga ya kampuni nyingine. Yeye alitegemea kwamba madaktari walikwisha kuonyesha wasiwasi na kwamba bidhaa ilikwisha kuondolewa sokoni. Mahakama ikasema hayo hayafui dafu mbele ya hesabu zinazosema vingine.

Sisi hukumu hizi twaziona nzito kwa mgonjwa. Mwenye kuumia ni mmoja, naye hutakiwa alete hesabu za maelfu. Lakini ndiyo sheria, na afadhali mtu aijue kabla ya kuuza shamba lake kumlipa wakili.

Huko Marekani mambo ni mengine. Wanaoamua ni baraza la wananchi, na wakili hupatana na mgonjwa kuchukua sehemu ya malipo, aghalabu theluthi au zaidi, na wakishindwa hapati ujira. Kwa hiyo hata maskini aweza kuishitaki kampuni kubwa. Mwezi wa Machi 2013 baraza la Los Angeles liliamuru mgonjwa mmoja wa ASR alipwe dola milioni 8.3. Mwezi wa Aprili, nyonga ni ile ile ASR, baraza la Chicago likaipa ushindi kampuni, na mgonjwa asipate hata senti. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo kampuni ikapatana na wagonjwa wapatao 8,000 waliokwisha kutolewa nyonga zao, kwa jumla ya dola bilioni 2.5 hivi, kiasi cha dola 250,000 kwa mtu, kisha zikapunguzwa kwa mvutaji sigara, kwa mzee sana, kwa mnene mno. Wale ambao chuma kilikuwa kingali mwilini hawakuwamo. Na hata Pinnacle, iliyoshinda London, huko Marekani habari za mwaka 2019 zilieleza kwamba kampuni imekubali kutoa kiasi cha dola bilioni 1 kuzimaliza kesi 6,000 hivi. Chuma ni kimoja, bahari ndiyo iliyowatenga wenye kulipwa na wasiolipwa.

Liko jambo moja la ajabu katika sheria ya Marekani, nalo si la kuachwa. Mwaka 2008 mahakama kuu ya huko iliamua kwamba chombo cha tiba kilichopitishwa na serikali baada ya uchunguzi mkali kabisa, mtengenezaji wake kwa sehemu kubwa hashitakiki kwa sheria za majimbo. ASR haikupita uchunguzi huo. Iliingia sokoni kwa njia nyepesi, kwa kuonyesha kwamba yafanana na vyombo vilivyotangulia. Basi ulegevu ulioiingiza miilini mwa watu ndio huo huo uliowaachia mlango wa mahakama wazi.

Sasa tuje India, kwani huko ndiko waendako watu wetu. Wagonjwa wapatao 4,700 walitiwa ASR nchini humo. Sheria ya dawa ya India, ya mwaka 1940, haikuwa na kifungu cha kumlipa mtu aliyedhurika kwa chombo cha tiba, na kwa miaka mingi baada ya 2010 wagonjwa walibaki wakibisha hodi bila ya kuitikiwa. Mwaka 2017 serikali iliteua kamati ya wataalamu. Taarifa yake, iliyotolewa mwaka 2018, ilitaka kila mgonjwa aliyedhurika alipwe si chini ya rupia laki 20. Na kabla ya mwaka kwisha serikali ikaidhinisha kanuni ya kuhesabu malipo kwa umri wa mtu na kiasi cha kilema chake, kuanzia rupia laki 30 hata milioni 12.3. Kampuni ikaipinga kanuni hiyo katika Mahakama Kuu ya Delhi. Mwaka 2019 ikasema i tayari kuwalipa rupia laki 25 kila mmoja wagonjwa 67 waliokwisha kuhakikishwa.

Na azingatie msomaji: 67 katika 4,700! Wengine walikuwa wapi? Waliojiandikisha kwa kampuni walikuwa wapatao 1,080 tu, na zaidi ya 3,000 hawakujulikana waliko. Nani ajuaye kama miongoni mwao hamkuwamo waliopanda ndege wakarudi makwao, na mpaka leo watembea na chuma kile, wakidhani maumivu ni ya uzee?

Tangu hapo sheria ya India imetengenezwa. Mwaka 1995 mahakama ya juu ya huko ilikwisha kuamua kwamba tiba ya kulipiwa ni huduma, na mgonjwa aliyelipa ni mteja mwenye kulindwa na sheria ya watumiaji. Sheria mpya ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika Julai 2020, imeongeza sura nzima juu ya dhima ya mtengenezaji na muuzaji wa kitu chenye kasoro. Malalamiko hupelekwa katika tume ya watumiaji, wala si lazima yaanzie katika korti kubwa. Lakini muda wake ni miaka 2 tu tangu sababu ya malalamiko kutokea.

Muda ndio uliowaangusha watu wengi kuliko ukosefu wa haki. Kenya na Tanzania, dai la dhara kwa uzembe lina miaka 3, na dai la kuvunja mapatano miaka 6; Zanzibar ina sheria yake mbali. Kenya mtu aweza kuomba ruhusa ya mahakama kufungua dai la kuumia mwilini baada ya miaka 3, akionyesha kwamba mambo yenye uzito katika kesi yake hakuwa akiyajua, lakini ruhusa si haki ya moja kwa moja. Uingereza ni miaka 3 tangu kujua, na juu yake pana mpaka wa miaka 10 tangu bidhaa yenyewe ilipotoka kwa mtengenezaji. Ukipita, dai la kasoro limekufa, hata kama maumivu yameanza mwaka wa kumi na mmoja. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeona dhuluma iliyomo, na sheria yao mpya ya mwaka 2024 yarefusha mpaka huo kufikia miaka 25 kwa madhara yachelewayo kuonekana. Lakini ni kwa bidhaa zitiwazo sokoni baada ya tarehe 9 Disemba 2026, wala haiwasaidii waliotangulia.

Basi afanye nini mwenye nyonga? Hapa twataka kusema kwa urefu, kwani mambo haya hayahitaji fedha wala wakili.

Kila nyonga huja katika pakiti yenye vibandiko vidogo, vimeandikwa jina la mtengenezaji, aina, ukubwa, na namba ya toleo. Muuguzi wa chumba cha operesheni huvibandua akavibandika katika karatasi za mgonjwa. Ukurasa huo ndio hati ya nyonga, kama vile kiwanja kilivyo na hati. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2021, sheria yataka mgonjwa apewe kadi yenye habari hizo. Kwingine mtu aombe mwenyewe, kabla hajatoka hospitali, nakala ya ukurasa wa vibandiko na nakala ya ripoti ya mpasuaji. Na mwanawe aupige picha kwa simu, maana karatasi huliwa na mchwa. Aliyekwisha kurudi nyumbani bila ya nakala aandike barua kuomba. Hospitali hazikai na karatasi milele, kwa hiyo asingoje nyonga iume.

Ikianza kuuma, hasa kinenani, au ikivimba, au ikilia kila akitembea, arudi kwa daktari, na siku hiyo aiandike. Mwenye nyonga ya chuma kwa chuma aombe damu yake ipimwe kobalti na kromiamu. Idara ya Uingereza iangaliayo dawa na vyombo vya tiba ilitoa onyo juu ya nyonga hizi mwaka 2010, na kipimo ilichokiweka cha kumtia daktari katika hadhari ni maikrogramu 7 kwa lita ya damu. Aliyezidi hapo hupimwa tena, akapigwa picha za kuchungua nyama zilizozunguka kiungo. Karatasi za vipimo hivyo nazo ni ushahidi.

Na akiambiwa kwamba nyonga itatolewa, hapo ndipo pa kushika sana. Aandike kwa hospitali, kabla ya operesheni wala si baada yake, kwamba ataka chuma kitakachotolewa kihifadhiwe, kitiwe katika chombo kilichofungwa, kiandikwe jina na tarehe. Mtaalamu akikitazama kwa vyombo vyake aweza kusema kililika upande gani na kwa kiasi gani, na hapo ndipo hujulikana kama kosa ni la kiwanda au la mkono uliokitia. Asikisugue wala kukiosha, wala asimpe mtu wa kampuni bila ya shauri la wakili. Kadhalika akiletewa karatasi ya kutia sahihi, ya kuwafungulia watu wa kampuni kumbukumbu za tiba yake au ya kupokea malipo madogo ya haraka, aisome na mwenye kujua sheria kwanza.

Juu ya swali la pili la mzee, yaani atapata nini, fidia huhesabiwa kwa gharama ya kupasuliwa tena, mshahara uliopotea, maumivu, na kilema kilichobaki. Huko Uingereza hata kazi ya jamaa aliyemuuguza mgonjwa bila ya ujira huweza kuingia katika hesabu. Tulipomwambia hivyo yule binti alicheka, akasema hajawahi kusikia kwamba kumuogesha baba kuna bei.

Binti huyo aliiandikia hospitali ya ng'ambo kwa barua pepe, akatia jina la baba kama lilivyo katika pasipoti, tarehe ya operesheni, na sahihi ya baba ya kumpa ruhusa. Wiki ya saba akaletewa picha ya ukurasa mmoja, na vibandiko vimo. Ni nyonga ya chuma kwa chuma. Si ASR wala si Pinnacle. Hospitali ya hapa iliyomtoa ile ya kwanza imejibu kwamba chuma kilitupwa pamoja na takataka za operesheni, lakini daktari alikuwa ameandika katika ripoti yake kwamba nyama aliikuta nyeusi, na picha mbili alizopiga zingalipo. Karatasi zote sasa ziko kwa wakili. Amehesabu tangu siku ya operesheni ya pili, na katika ile miaka 3 imebaki miezi 7.